Rada ya Kupenya Ardhi katika Upimaji wa Akiolojia: Mwongozo Kamili kwa Arusha na Moshi

Kabla hujakodi rada, shika udongo wa eneo lako mkononi. Ulowanishe, uukande, kisha usukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Ukikatika kabla ya kufika sentimita 2 au 3, una kichanga au tifutifu, na rada ina nafasi. Ukipita sentimita 5 bila kukatika, huo ni mfinyanzi mzito, na huenda fedha ya kukodi rada ikafaa kazi nyingine.

Mwongozo huu ni wa wanaotafuta misingi ya majengo, mifereji iliyofukiwa, makaburi na mahandaki kuanzia miteremko ya Kilimanjaro na Meru hadi Bonde la Ufa. Mashine ni zilezile zinazotumika Ulaya na Marekani, ila maelekezo yanayokuja nazo yametungwa kwa ardhi ya huko. Huku kwetu chini kuna majivu ya volkano, mfinyanzi mwekundu, mbuga nyeusi (udongo mweusi wa tambarare) na magadi, na kila kimoja kinaitendea rada kivyake.

Rada inaona nini

Antena hutuma ardhini wimbi fupi la redio. Wimbi likikuta badiliko, sehemu yake hurudi, na kifaa hupima muda wa kwenda na kurudi kwa nanosekunde. Hewani wimbi husafiri mita 0.3 kwa kila nanosekunde. Ardhini kasi hiyo hupungua kulingana na namba inayoitwa kipimo cha dielektriki: hewa ni 1, mchanga mkavu 3 hadi 5, mchanga uliolowa 20 hadi 30, maji matupu 81. Kasi ni 0.3 ugawanye kwa kipeuo cha pili cha namba hiyo. Kina ni kasi mara muda, gawanya kwa 2.

Ukiangalia namba hizo utaona kwamba maji ndiyo yanayotawala kila kitu. Rada haioni ukuta kama ukuta wala mfupa kama mfupa. Inaona mahali ambapo kiasi cha maji na hewa kimebadilika ghafla. Ukuta wa mawe makavu ndani ya tope utaonekana vizuri. Ukuta wa udongo uliobomokea kwenye udongo uleule unaweza usionekane kabisa, hata kama ungali mzima nusu mita chini ya miguu yako.

Hatua ya 1: Pima ardhi kabla ya kupima akiolojia

Adui wa rada ni udongo unaopitisha umeme. Upotevu wa nguvu ya wimbi, kwa desibeli kwa kila mita, ni takriban 1.64 mara upitishaji wa umeme wa udongo (milisimensi kwa mita), ugawanye kwa kipeuo cha pili cha dielektriki. Udongo wa milisimensi 10 wenye dielektriki 16 unakula desibeli 4 kwa mita, na kwa kwenda na kurudi ni 8, jambo ambalo rada inalimudu. Udongo wa milisimensi 50 wenye dielektriki ileile unakula 20 kwa mita, yaani 41 kwenda na kurudi. Hapo usitegemee kuona chochote chini ya mita moja.

Huhitaji maabara kujua namba hiyo. Mafundi umeme wanaopima «earth» ya majengo na minara wana kipima chenye nyaya nne. Chomeka vyuma vinne kwenye mstari mmoja, kila kimoja mita 1 kutoka mwenzake, kina cha sentimita 5 tu. Mkondo upite kwenye vya nje, volti isomwe kwenye vya ndani. Ukipata ohm 8, zidisha kwa 6.28: ukinzani wa ardhi ni ohm-mita 50, sawa na milisimensi 20 kwa mita. Juu ya ohm-mita 100 endelea kwa moyo mkunjufu. Kati ya 30 na 100 rada itafanya kazi ya juujuu. Chini ya 30 iache kwenye sanduku.

Kwa jumla, eneo letu linakaa hivi:

Changarawe na mchanga uliosombwa na maji chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kama Engaruka penye magofu ya mashamba ya kale ya umwagiliaji, ni ardhi nzuri ikiwa kavu. Kuna angalizo moja. Majivu ya Oldoinyo Lengai yana kabonati ya sodiamu, na udongo wenye magadi ukilowa hupitisha umeme kuliko unavyodhani ukiutazama.

Mfinyanzi mwekundu wa migombani Moshi na Arumeru si mbaya kama sura yake. Aina ya mfinyanzi uliomo humo haibebi chaji nyingi, kwa hiyo ukiwa mkavu unaweza kupata kati ya sentimita 60 na mita 1.2 kwa antena ya MHz 400. Ukilowa, gawanya kwa mbili.

Kwenye mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi, na kwenye tambarare zenye chumvi kusini mwa Moshi kuelekea kwenye mashamba ya miwa, tumia magnetometa (kipima usumaku wa ardhi) au upimaji wa ukinzani. Hakuna antena itakayobadilisha hilo, na anayekuahidi «mita 10 kwenye udongo wowote» anauza mashine, hapimi.

Hatua ya 2: Msimu na zamu ya maji

Wakati bora ni mwisho wa kiangazi, Septemba hadi katikati ya Oktoba, kabla vuli haijaanza. Januari na Februari pia panafaa. Masika, Machi hadi Mei, sahau. Upande wa kusini wa Kilimanjaro, Juni na Julai huwa na manyunyu na mawingu hata wakati Arusha mjini kumekauka, kwa hiyo usipange ratiba ya Marangu kwa kutazama anga la Arusha.

Kuna jambo ambalo wageni hulikosa kila mara: umwagiliaji. Kiangazi ndicho kipindi ambacho mifongo (mifereji ya asili) ya Uchaggani na mifereji ya Engaruka inafanya kazi zaidi. Kabla ya kuweka tarehe, muulize anayesimamia ugawaji wa maji zamu ya shamba lile ni lini, kisha upime siku chache kabla ya zamu. Ukifika siku ya pili baada ya maji kufunguliwa, utapata picha ya maji yalivyotawanyika jana na si zaidi.

Hatua ya 3: Vibali na watu

Kuchimba eneo la mambo ya kale bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Rada haichimbi, lakini utafiti ni utafiti: anza na Idara ya Mambo ya Kale, na kwa kibali cha utafiti nenda COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kama unaingiza rada kutoka nje, wasiliana na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, mapema, maana ni kifaa kinachotoa mawimbi ya redio, na forodhani si mahali pa kuanzia maelezo. Kisha halmashauri, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, na mwenye shamba.

Migombani Moshi ongeza wazee wa ukoo. Wachagga huzika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, na mmea wa isale ukiuona umepandwa peke yake katikati ya migomba, usiupite wala usiung'oe kwa kuwa umeingia kwenye mstari wako. Uliza kwanza. Mara nyingi utaambiwa ni kaburi la nani, au ni mpaka wa nani, na taarifa hiyo ina thamani kuliko mistari kumi ya rada.

Utakutana pia na habari za «mali ya Mjerumani». Mashine inayovutwa ardhini huku mtu akitazama skrini itazua maneno kwamba mnatafuta dhahabu iliyofukiwa wakati wa vita, au madini. Dawa yake ni kuifungua kazi: waite watu waone skrini, wasukume wenyewe mita chache, waone mzizi wa mparachichi unavyotokea. Usipofanya hivyo mchana, kuna watakaokuja na majembe usiku palipowekwa kigingi chako.

Hatua ya 4: Chagua antena

Masafa makubwa yanaona vitu vidogo kwa kina kidogo, masafa madogo yanaona mbali lakini kwa ukungu. Kwa kasi ya mita 0.09 kwa nanosekunde, ambayo ni ya kawaida kwenye tifutifu zetu zilizokauka kiasi, urefu wa wimbi la MHz 400 ni sentimita 22. Vitu viwili vilivyopandana vinatenganishika vikiachana robo ya hapo, karibu sentimita 6. Kwa MHz 250 robo hiyo ni sentimita 9, na kwa MHz 100 ni 22.

Kwa kazi nyingi za hapa chukua MHz 400 au 500. MHz 900 ni ya sakafu na kuta za majengo, mfano ndani ya boma la Mjerumani pale Arusha, lililojengwa mwaka 1900 na sasa ni makumbusho. MHz 250 ni ya mifereji mipana na matuta yenye udongo wa kina kirefu.

Mahandaki ya kujificha ya Wachagga yanastahili neno la ziada. Handaki lenye hewa ni shabaha nzuri ajabu: kutoka udongo wa dielektriki 16 kwenda hewa ya 1, asilimia 60 ya kimo cha wimbi hurudi. Tatizo ni kina. Kama paa la handaki liko mita 3 chini ya mfinyanzi uliolowa, MHz 400 haifiki na MHz 100 inaweza kufika lakini isikuonyeshe umbo. Hapo anza na upimaji wa ukinzani, ambao huona hewa kama kizuizi kikubwa cha umeme, kisha rada ije kwenye sehemu zilizo karibu na mdomo wa handaki ambako paa liko juu.

Hatua ya 5: Vifaa

Mbali na rada yenyewe, yenye gurudumu la kupimia umbali, hakikisha gari lina hivi:

- betri mbili na chaja inayoweza kutumia umeme wa gari. Vijijini usitegemee TANESCO ya saa sita mchana
- tepu tatu za mita 50, zisizo na waya wa chuma ndani
- vigingi vya mbao 60, kamba ya nailoni mita 200, nyundo ya mbao
- kwanja mbili na panga
- GPS ya usahihi wa sentimita, na darubini ya upimaji kwa ajili ya migombani ambako majani huzuia setilaiti
- kipande cha nondo cha milimita 16, urefu wa mita 1, ambacho kazi yake inakuja
- mwavuli mkubwa: skrini haisomeki juani na kompyuta huzima kwa joto
- daftari la uwanjani, kalamu ya risasi, na brashi ya kutoa vumbi kwenye gurudumu

Vigingi vya chuma ni marufuku. Kila kimoja kitaacha alama kwenye data, na pembeni mwa gridi utapata safu nzuri ya «nguzo» ambazo ni zako mwenyewe.

Hatua ya 6: Weka gridi

Gridi ya mita 20 kwa 20 inatosha kuanzia. Ilaze ili mistari ikate kitu unachokitafuta kwa pembe ya karibu nyuzi 90. Mfereji unaoteremka mlima upimwe kwa mistari inayokwenda sambamba na kontua, yaani mstari wa mwinuko uleule. Ukipima kwa kufuata mfereji wenyewe utaukosa, au utauona kama tabaka la kawaida.

Piga msingi wa mita 20, jenga pembe mraba kwa kanuni ya 3-4-5 (mita 6, 8 na 10 ni sahihi zaidi), kisha hakiki mishazari: kila mmoja uwe mita 28.28. Ikitofautiana zaidi ya sentimita 5, rudia. Kosa hapa haliondoki kwenye kompyuta.

Umbali kati ya mistari ni sentimita 50 kwa mifereji na misingi, 25 kwa makaburi. Gridi ya mita 20 kwa sentimita 50 ni mistari 41, yaani mita 820 za kutembea, saa moja na nusu hadi mbili kwenye ardhi safi. Kwa sentimita 25 ni mistari 81. Usijidanganye kwa kuweka mita 1 ili umalize mapema, kwa sababu kaburi lenye upana wa sentimita 60 linakaa vizuri kabisa katikati ya mistari miwili na hakuna anayeliona.

Fyeka majani hadi chini ya sentimita 3 na uondoe visiki. Antena ikiinuliwa na nyasi, nguvu nyingi hubaki juu na hurudi kama mistari mlalo inayojirudia. Engaruka shida ni mawe: uso umejaa mawe ya matuta na viunga, na antena inaruka kutoka jiwe hadi jiwe. Usiyasogeze, yenyewe ndiyo akiolojia. Pima vichochoro vilivyo wazi, hata kama gridi itakuwa na mapengo, na uyachore mapengo hayo kwenye ramani.

Hatua ya 7: Mipangilio na majaribio

Washa mashine dakika 15 kabla ya kuanza, ipate joto la kudumu. Kisha:

*Dirisha la muda.* Kwa mita 2 na kasi 0.09, muda wa kwenda na kurudi ni nanosekunde 44. Ongeza theluthi, weka 60. Sampuli 512 kwa kila mlio, yaani kila wimbi linalotumwa na kupokelewa, zinatosha kwa MHz 400.

*Hatua ya mlio.* Mlio mmoja kila sentimita 2, sawa na 50 kwa mita. Gridi nzima itakuwa milio 41,000, chini ya megabaiti 50.

*Gurudumu.* Nyoosha tepu mita 20 kwenye ardhi ileile utakayopima, vuta rada, soma. Ikisema 19.6 una kosa la asilimia 2, na kwenye mwisho wa mstari kitu kitahama sentimita 40. Rekebisha ndani ya mashine. Vumbi jepesi la kiangazi hufanya gurudumu liteleze, kwa hiyo rudia kila unapohama gridi.

*Kasi ya ardhi.* Hii ndiyo kazi ya nondo. Tafuta ukingo uliokatwa tayari: korongo, shimo la moramu, ukuta wa shimo la choo kipya. Pima sentimita 80 kutoka juu, gonga nondo mlalo hadi iingie yote, kisha pitisha rada juu yake kwa kuikata. Utaona upinde unaoinama pande zote mbili, yaani haipabola. Kilele chake kikiwa kwenye nanosekunde 18, kasi ni 2 mara 0.80 gawanya kwa 18: mita 0.089 kwa nanosekunde. Dielektriki ni karibu 11. Bila jaribio hili, «kina» kwenye skrini ni makisio ya kiwandani. Kumbuka kung'oa nondo.

*Ukuzaji wa mawimbi.* Weka wa wastani na usiuguse hadi gridi iishe. Mawimbi yakikatwa vichwa uwanjani hayarekebishiki.

Hatua ya 8: Kutembea

Mtu mmoja avute kwa mwendo wa polepole usiobadilika, mmoja ahamishe kamba, mmoja aandike. Anayeandika ndiye muhimu kuliko wote. Kila jiwe kubwa, mzizi, kichuguu, njia ya ng'ombe, shimo la fuko na mahali antena iliporuka viingie daftarini kwa namba ya mstari na mita. Mashimo ya mhanga hasa: ni hewa, yanang'aa kama handaki, na bila daftari utakuja kuyasherehekea.

Pima upande mmoja kama una muda. Ukipima kwa kwenda na kurudi, kosa dogo la mahali ilipo katikati ya antena, tuseme sentimita 15, linageuka meno ya sentimita 30 kwenye ramani, na kila ukuta unatoka umekunjwa kama msumeno.

Simu ziwe kwenye hali ya ndege au ziachwe mita kadhaa kutoka kwenye antena. Viatu vyenye chuma puani visivaliwe na mvutaji. Mwishoni rudia mstari wa kwanza. Radagramu mbili, yaani picha za mkato wa ardhi chini ya mstari, zikifanana, mashine ilikuwa sawa siku nzima. Zisipofanana, tafuta kwanza kebo iliyolegea, kisha betri inayokaribia kuisha.

Hatua ya 9: Kuchakata

Programu za bure zipo: GPRPy ya Python na RGPR ya R zinafanya yote yaliyo hapa, na ramani imalizikie QGIS. Fuata mpangilio huu.

1. Sogeza sifuri ya muda hadi pale wimbi la kwanza linapoingia ardhini.
2. Ondoa myumbo wa masafa ya chini.
3. Chuja masafa: kwa MHz 400 bakiza kati ya 150 na 700.
4. Ondoa usuli. Hapa ndipo data nyingi nzuri huuawa. Kuondoa usuli ni kutoa wastani wa mstari mzima, na chochote kilicho mlalo mstari mzima huondoka nao: sakafu, kitako cha mfereji, tabaka la majivu. Tumia wastani unaosogea wa mita 3 hadi 5, na uweke nakala isiyoguswa pembeni.
5. Kuza mawimbi ya chini.
6. Pandisha mwinuko wa ardhi kama gridi ina mteremko. Miteremko ya Kilimanjaro haina msamaha: mita 2 za tofauti ndani ya gridi huharibu vipande vyote vya kina, yaani ramani za tabaka moja moja za kina zilizokatwa kwenye data.
7. Fanya maigresheni kwa kasi uliyoipima, ili haipabola zikusanyike kuwa nukta. Zikibaki zimeinama chini, kasi uliyotumia ni ndogo. Zikipinda juu kama tabasamu, ni kubwa mno.
8. Kata vipande vya nanosekunde 5, sawa na sentimita 22 hivi, vikilaliana nusu. Upana wa kujaza pengo kati ya mistari usizidi mita 1.

Tumia rangi ya kijivu. Upinde wa mvua unapendeza kwenye mawasilisho, lakini unachora mipaka isiyokuwepo.

Hatua ya 10: Kusoma picha

Rudi kila mara kwenye radagramu. Kipande cha kina kinakuonyesha umbo, radagramu inakuambia kama umbo hilo ni kweli.

Mfereji uliofukiwa unasomeka hivi: tabaka linainama kama bakuli, pande zake mara nyingi zina haipabola mbili fupi za mawe ya ukingo, na ndani kuna mistari myembamba ya mchanga uliotuama. Bakuli lile likionekana kwenye mistari mitatu au zaidi iliyofuatana, likihama kidogo kidogo upande mmoja, una mfereji. Likiwa kwenye mstari mmoja tu, una shimo. Matuta ya Engaruka yanatoa kitu kingine cha kuvutia: baadhi ya viunga vilijazwa udongo uliobebwa na maji na kunaswa kwa makusudi, na rada kwenye ardhi kavu inaweza kufuata kitako cha udongo huo juu ya changarawe ya asili. Louis Leakey alifika pale mwaka 1935 na wengine wakachimba baadaye, lakini eneo ni la kilomita za mraba zipatazo 20. Kuchimba kote haiwezekani, na hapo ndipo upimaji wa namna hii unapofaa.

Kaburi halionyeshi mifupa. Unachoona ni tabaka lililokatwa: mistari mlalo inakoma ghafla, kuna sentimita 60 hadi 90 za vurugu, kisha inaendelea.

Hewa ndani ya handaki hugeuza mpangilio wa weusi na weupe wa wimbi ukilinganisha na jiwe lenye maji au chuma. Linganisha na mwangwi wa nondo yako. Chuma hurudisha kwa mpangilio mmoja, hewa kwa kinyume chake. Chuma pia huacha mwangwi unaojirudia chini yake hadi mwisho wa picha.

Halafu kuna vitu visivyokuwa chini kabisa. Mti, ukuta, uzio wa mabati au gari lililoegeshwa mita 4.5 pembeni litatokea kwenye nanosekunde 30, kwa sababu wimbi limepita hewani. Kwa kasi ya 0.09 programu itakuambia kitu hicho kiko mita 1.35 chini. Kinajulikana kwa haipabola pana sana: ikilinganishwa na kasi ya 0.3 inakaa sawasawa. Gari liegeshe mbali.

Mjini, kabla ya kutangaza ukuta ulionyooka, pata michoro ya mabomba kutoka mamlaka za maji, AUWSA kwa Arusha au MUWSA kwa Moshi, na nyaya za chini kutoka TANESCO. Bomba la inchi 4 ni zuri kuliko ukuta wowote wa kale.

Mizizi ya migomba ni mifupi na hutawanyika, husumbua sentimita 40 za juu. Mizizi ya miti mikubwa ya kivuli hutembea mbali na hufanana na mabomba, ila hupinda na kugawanyika.

Hatua ya 11: Kuhakiki na kukabidhi

Gawa matokeo kwa ngazi tatu: yenye umbo, kina na mwendelezo, yenye mawili kati ya hayo, na yenye moja. Hakiki ya kwanza peke yake. Keekee ya mkono ya kutobolea udongo, yenye kipenyo cha sentimita 7, inatosha kujua kama bakuli lile lina mchanga wa mfereji. Ila keekee ni uchimbaji, inahitaji leseni, na kaburini haiingii.

Hifadhi data ghafi kama ilivyotoka kwenye mashine, pamoja na daftari lililopigwa picha, mipangilio yote, na matokeo ya jaribio la nondo. Andika pia mahali ambapo hukuona kitu na kwa nini: «hakuna kitu» kwenye changarawe kavu ni taarifa, lakini kwenye mfinyanzi uliolowa maana yake ni kwamba wimbi halikufika.

Koordineti ziwe za mfumo wa WGS84, ule wa GPS, na kanda ya UTM iandikwe. Arusha na Moshi ziko kanda ya 37 Kusini, lakini mpaka na kanda ya 36 ni longitudo ya nyuzi 36, na magofu ya Engaruka yako magharibi kidogo ya mstari huo. Timu mbili zikitumia kanda tofauti, ramani zao hazitakutana. Ramani za zamani za 1:50,000 nazo zinatumia mfumo wa zamani wa Arc 1960. Ukiisoma kama WGS84, kila kitu kinahama takriban mita 300 kaskazini au kusini, umbali unaotosha kumpeleka mchimbaji shamba la jirani.

Ripoti ya kijiji iwe ya Kiswahili, kurasa mbili, yenye picha, na isomwe mkutanoni. Koordineti kamili za makaburi na mahandaki zibaki kwenye nakala ya Idara ya Mambo ya Kale na ya mwenye eneo. Kwenye nakala ya wazi weka mraba wa kilomita 1, na futa pia koordineti zilizojificha ndani ya faili za picha za simu.